Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu: watoto waelezwe nini, na parokia ijenge vipi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninalea watoto wa Utoto Mtakatifu katika parokia moja huku Tabata. Mwezi ujao tunawapeleka kuliona Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Posta, Dar es Salaam, na najua wataniuliza: nani alilijenga, lina umri gani, mbona lina sura ya Ulaya, na je, ndilo kanisa la kwanza la Kikatoliki nchini? Halafu parokia yetu inachangishana kujenga kanisa jipya, na wapo wazee wanaoshikilia kwamba kanisa lisilo na mnara na madirisha yenye ncha kama ya St. Joseph si kanisa. Wewe unasemaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lililo jepesi: siyo kanisa la kwanza, wala halikaribii. Mapadre wa Roho Mtakatifu walitoka Unguja wakavuka hadi Bagamoyo mwaka 1868, na kanisa lao la awali pale ni la mwaka 1872. Mwili wa Livingstone uliobebwa kutoka bara ulilazwa katika kanisa hilo Februari 1874, kabla ya kuvushwa Zanzibar. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa imedorora. Sultani Majid aliyeianzisha alikwishafariki mwaka 1870, na aliyemrithi hakuwa na haja kubwa na mji huu. Kwa hiyo watoto wakiuliza lilipo chimbuko la Ukatoliki upande wetu wa pwani ya bara, waoneshe Bagamoyo, si Posta.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao ni vizuri uujue mapema, maana kuna mtoto atakuwa ameshatafuta kwenye simu ya baba yake. Yako makanisa mawili ya Mtakatifu Yosefu yanayochanganywa kila siku. La Zanzibar, pale Mji Mkongwe, lilijengwa na Wafaransa kati ya 1893 na 1898. Lina minara miwili, na wenyeji hulitaja kwa jina hilohilo, Minara Miwili. Matao yake ni ya mviringo, mtindo wa Kirumi. La kwetu Dar lilijengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, likatabarukiwa mwaka 1905. Mnara wake ni mmoja, wenye kilele kirefu kilichochongoka, na matao yake yana ncha juu, mtindo unaoitwa wa Kigothi. Ukikuta habari za ramani kutoka Ufaransa zimebandikwa kwenye picha ya kanisa la Dar, ujue mtu amechanganya.

Sasa waliojenga. Hao ni Wabenediktini wa St. Ottilien, watawa wa Kikatoliki kutoka Bavaria, Ujerumani. Shirika lao la kimisionari lilikuwa changa sana, lilianzishwa mwaka 1884, na miaka minne tu baadaye watu wao walikuwa wameshafika huku. Hawakuanzia mjini. Walikwenda Pugu mwaka 1888, juu kwenye vilima, wakafungua misheni iliyopokea pia watu waliokombolewa utumwani. Mwaka huohuo pwani nzima ililipuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyokuja kuchukua forodha na kupandisha bendera zake. Hivi ndivyo vita vya Abushiri. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ya Pugu ilivamiwa, mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Usiwafiche watoto sehemu hii, na usiisimulie nusu. Kwa watu wa pwani waliokuwa wakipigana, bendera ya kampuni na msalaba wa misheni vilishuka kutoka meli zilezile. Wamisionari waliobaki walijikita mjini, karibu na bandari, na mwaka 1891 serikali ya kikoloni nayo ikahamisha makao yake kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam.

Hapo ndipo ninapopenda kuwasimamisha wageni kidogo. Tunapolitazama St. Joseph leo, limezungukwa na maghorofa, mwendokasi inapita mbele, na jiji lenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022 limelizidi pande zote. Lakini lilipoanza kujengwa, hapa palikuwa mji mdogo. Reli ya kwenda Morogoro ilikuwa haijaanza kuchimbwa. Ilianza 1905 na kufika Morogoro mwishoni mwa 1907. Kila kilichotoka mbali kilikuja kwa meli. Ukiwa ndani ya meli inayoingia kwenye lango lile jembamba la bandari, mnara huo ndio uliokukaribisha, pamoja na wa jirani zao Walutheri wa Azania Front, ambao jengo lao lilianza 1898. Lilikuwa kanisa kubwa la mji mdogo, na liliwekwa makusudi litazame maji. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu wa usanifu wasianze kulitazama kutokea Mtaa wa Samora. Waende ufukweni kwanza, wageuke.

Swali lako la tatu, kuhusu sura ya Ulaya, ndilo lenye nyama, na hapa sikubaliani na jibu linalotolewa na waongoza watalii wengi. Wao husema ni mfano wa makanisa ya kale ya Ulaya. Nusu yake ni kweli. Mtindo wa Kigothi ulianza Ufaransa, katika kanisa la abasia (makao ya watawa) ya Saint-Denis karibu na Paris, ambalo upande wake wa altare ulitabarukiwa mwaka 1144. Abasia hiyo nayo ilikuwa ya Wabenediktini. Lakini mtindo huo ulikuja kuachwa kwa karne kadhaa, ukadharauliwa hata na Wazungu wenyewe, kisha karne ya 19 wakaufufua. Kanisa kuu la Köln huko Ujerumani lilianza kujengwa mwaka 1248, kazi ikasimama katika karne ya 16, ikaanza tena 1842, na minara yake ya mita 157 ikakamilika mwaka 1880. Hesabu mwenyewe: miaka kumi na saba tu baadaye kazi inaanza Dar es Salaam. Padre Mjerumani wa wakati ule hakuuona mtindo huu kama ukale. Kwake ulikuwa habari ya juzi, fahari ya taifa lililotoka kuungana mwaka 1871. Na kule kwao St. Ottilien, kanisa la abasia yao nalo lilijengwa mwishoni mwa karne hiyohiyo ya 19, kwa mtindo uleule. Kwa hiyo St. Joseph halikunakiliwa kutoka kwenye kitu cha kale. Lilizaliwa pamoja na ndugu zake wa Bavaria, kizazi kimoja.

Nusu nyingine iko chini ya plasta. Majengo ya Wajerumani ya Dar ya miaka ile kwa kawaida yalisimamishwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na hilo halikutoka Ujerumani. Tembea hatua chache kutoka kanisani hadi kona ya Sokoine na Barabara ya Morogoro, utaikuta Boma la Kale, lililojengwa 1866 na 1867 enzi za Majid, kwa mawe hayohayo ya matumbawe, miaka thelathini kabla ya kanisa. Na Majid hakubuni chochote. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14 kwa kuba na matao, yote kwa matumbawe na chokaa. Mafundi wa pwani walikuwa wakikata mawe hayo, wakipanga magogo, wakichoma matumbawe juu yake hadi yawe chokaa, wakizima chokaa kwa maji na kuiacha ikae muda mrefu kabla ya kuitumia, tangu kabla Köln haijawekewa jiwe la msingi. Mchoro wa mtindo huu ulikuja na meli. Ujuzi wa kulifanya jiwe la baharini lisimame wima ulikuwapo hapa. Ningependa watoto wako waondoke na jambo hilo kuliko tarehe zote nilizokupa, kwa sababu mtoto wa Tabata akiambiwa tu "walijenga Wajerumani" atadhani babu zake walikuwa wamesimama pembeni wanatazama.

Historia ya baadaye unaweza kuipitia haraka. Askofu wa kwanza, Cassian Spiss, alipewa uaskofu mwaka 1902. Agosti 1905, akiwa safarini kuelekea kusini na mabruda wawili na masista wawili, aliuawa karibu na Liwale mwanzoni mwa vita vya Majimaji. Yaani mwaka uleule kanisa linatabarukiwa, askofu wake anauawa porini, na upande wa kusini vita na njaa iliyofuata vinaua watu wasiohesabika. Mwaka 1914 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga Dar es Salaam, na Septemba 1916 Waingereza wakauteka mji. Wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, na kuanzia 1921 watawa Wakapuchini kutoka Uswisi wakashika kazi. Mmoja wao, Edgar Maranta, alikuwa askofu hapa tangu 1930 hadi 1968, na ni katika wakati wake, mwaka 1953, ndipo Dar ikawa jimbo kuu. Alirithiwa na Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi, aliyepewa ukardinali mwaka 1960 akiwa bado upande wa Bukoba. Watoto wakishangaa kwa nini linaitwa kanisa kuu wakati wameona makanisa mapana zaidi huko mitaani, waambie kinachohesabiwa ni kwamba kiti cha askofu mkuu kiko humo. Idadi ya mabenchi haihusiki.

Tuje kwenye ziara yenyewe. Nakushauri uende alasiri, saa tisa au kumi, si asubuhi. Makanisa mengi ya zamani huelekeza altare mashariki, lakini hili limeipa bandari uso wake, na altare ikabaki upande wa pili. Matokeo yake ni kwamba madirisha ya vioo vya rangi yaliyo nyuma ya altare hupata jua la kuelekea magharibi, na saa hizo ndipo yanapowaka. Asubuhi utayakuta yamefifia, na watoto hawataelewa unasifia nini. Waeleze kwamba rangi ile haikupakwa juu. Kioo huchanganywa na madini kikiwa bado moto: kobalti huleta buluu, shaba huleta kijani au nyekundu. Kisha fundi hukata vipande na kuviunganisha kwa vipande vyembamba vya risasi, yaani ile metali laini. Ile mistari myeusi unayoiona ndiyo risasi yenyewe. Sura za watu na mikunjo ya nguo ndizo huchorwa kwa rangi nyeusi, kioo kikarudishwa tanurini ili mchoro ushike. Juu ya altare kuu tazameni nakshi ya kuchongwa, na mkitafuta vizuri mtaona maandishi ya Kijerumani ya tangu enzi za wajenzi. Wape watoto kazi ya kuyatafuta, watatulia angalau dakika kumi.

Ili waelewe tao lenye ncha, usiwape nadharia. Chukua watoto wawili wanaolingana kimo, wasimame wakitazamana, washikanishe viganja juu ya vichwa vyao na kuegemeana. Kisha waambie warudi nyuma kidogo kidogo. Miguu itaanza kuteleza. Leta wengine wawili, kila mmoja achuchumae nyuma ya mmoja wa wale na kumzuia visigino visiteleze. Watasimama imara. Hao waliochuchumaa ndio zile nguzo nene unazoziona zimeegemea kuta za makanisa ya aina hii kwa nje. Tao la mviringo linasukuma kuta kwa pembeni kwa nguvu sana. Tao lenye ncha linaelekeza uzito mwingi zaidi chini, na sehemu inayobaki inapokelewa na nguzo hizo. Kwa sababu hiyo ukuta ulio katikati ya nguzo hauna mzigo mkubwa, na unaweza kutobolewa dirisha refu bila hofu. Madirisha marefu, nguzo za nje na ncha ya tao ni jambo moja, huwezi kuchukua moja ukaacha mengine. Kwa dari waambie wafikirie jahazi lililopinduliwa juu chini: mistari ile inayokutana juu inafanya kazi ya mataruma, na sehemu zilizo katikati zimejazwa tu.

Na hapo nimeshaanza kuwajibu wazee wenu.

Nawaheshimu, na najua wanachokitamani. Wanataka mtu akipita barabarani ajue kuwa hapa ni nyumba ya Mungu, si ukumbi wa harusi. Hilo ni haki yao. Lakini nimeona makanisa mapya mengi Dar yenye nguzo na mihimili ya zege, kuta za tofali zisizobeba kitu, halafu dirisha la alminiamu lenye kioo cheusi limekatwa ncha juu ili lifanane na St. Joseph. Ncha hiyo haifanyi kazi yoyote. Mhimili wa zege ndio unaobeba. Ubaya zaidi, dirisha lenyewe nusu yake haifunguki, kwa hiyo misa ya pili mchana wa Februari watu wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo, na parokia inanunua mapangaboi, kisha bili ya umeme inasomwa kwenye matangazo.

Mtindo huu ulizaliwa kwenye nchi za baridi na jua hafifu. Kule unataka kila tone la mwanga liingie. Dar unataka mwanga kidogo, kivuli kingi, na upepo. Wajerumani wenyewe waliligundua hili. Mkitoka St. Joseph, tembeeni kwa mguu kuelekea Kivukoni hadi Azania Front, muangalie madirisha yake: yamewekewa vipaa vidogo vya vigae juu, vya kuzuia jua na mvua. Vimewekwa kwa ajili ya tabia ya nchi ya hapa, na kwa maoni yangu ndiyo kitu cha akili kuliko vyote kwenye ufukwe ule, ingawa hakuna anayekipiga picha. St. Joseph linasaidiwa na kimo chake. Joto hupanda juu, likawaacha waumini chini. Kimo hicho ni cha kuiga. Ncha za madirisha ziacheni.

Kwa hiyo mkikaa na mchoraji wenu, mwambieni mnataka paa lililoinuka sana na matundu karibu na kilele ili hewa moto itoke. Mwambieni madirisha yaanze chini, usawa wa mtu aliyekaa, yafunguke yote, na yawe pande mbili zinazopokea kaskazi na kusi. Jua la asubuhi na la jioni lipigwe na ukuta mtupu au veranda pana, si kioo. Veranda hiyo pia itapokea watu wanaobaki nje Jumapili ya Matawi, na mnajua watabaki. Mnara, kama wazee hawalali bila mnara, jengeni wa kengele uliosimama peke yake pembeni, mfupi, na msiujenge kabla paa halijaisha. Nimeona parokia iliyoanza na mnara. Watu walisali chini ya turubai miaka mingi wakiutazama.

Vioo vya rangi navyo si lazima viwe vingi. Dirisha moja dogo lenye kioo kizuri nyuma ya altare, upande unaopata jua saa ya misa yenu kubwa, linatosha kufanya kazi ya madirisha kumi yaliyobandikwa karatasi za rangi. Karatasi hizo hupauka haraka kwa jua letu.

Nikiongeza moja la kamati ya ujenzi, hata kama hamjaliuliza. Ikiwa kwenye kiwanja chenu au kwenye kigango chochote cha zamani kuna jengo la matumbawe, msilipige plasta ya saruji. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu na chumvi. Plasta ya chokaa huruhusu unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, chumvi inaganda nyuma yake, na baada ya misimu michache ukuta unamenyeka mabamba kwa mabamba. Fundi atawaambia mchanganyiko haukuwa na saruji ya kutosha na ataongeza. Msimsikilize. Wala msitegemee kwamba sheria itawazuia kukosea: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu, na ya baadaye hulindwa pale yanapotangazwa rasmi. Jengo la misheni la mwaka 1900 linaweza kuharibiwa na kamati yenye nia njema ndani ya wiki mbili.

Mwisho, mpange siku. Andikeni barua ofisi ya parokia ya Kanisa Kuu mapema, ili mpewe ruhusa ya kuingia na watoto na kupiga picha ndani. Shukeni kituo cha Posta ya Zamani, mtembee kwa kufuata bahari. Jumamosi epukeni kabisa: kuna harusi moja baada ya nyingine, bendi ya matarumbeta iko nje ya lango, na mlinzi atawaambia mngoje hadi maharusi wamalize picha, jambo ambalo kwa Dar halina saa.